Jinsi Bibi Yako Alivyoingia Kwenye Picha

Bariadi, nyumbani
Jumapili mchana

Mwanangu Minza,

Umetoka kwenda kuwaaga watu wa kanisani, na kwa jinsi ninavyowajua hawatakuachia upesi. Nimeweka kiti jikoni karibu na mlango, nimechukua daftari la maandalio ya masomo ambalo lilikuwa halijaguswa, nimeanza. Basi lako linaondoka kesho alfajiri. Habari za masweta, chakula cha huko na kupiga simu ukifika tumeshasema mpaka umechoka, na mimi mwenyewe najua nilikuwa nasema hayo ili nisiseme hili.

Ninaogopa, Minza. Wiki nzima umekuwa ukinikuta nimesimama uani bila sababu, ukaniuliza kama ni presha. Si presha. Ni tangu siku ile uliponionyesha kwenye simu jumba la makumbusho la huko Ulaya utakakofanya kazi. Ulikuwa na furaha, unanipitisha picha moja moja. Wanawake wa Kiarabu wamelala juu ya mazulia mchana kweupe kama watu wasio na kazi duniani. Soko la watumwa ambamo kila mnunuzi ana kilemba na kila mtumwa anang'aa kama amepakwa mafuta. Watu weusi wenye mikuki, wamekodoa macho. Ulinieleza kwamba zilichorwa enzi wakubwa wa Ulaya walipokuwa wanagawana nchi za wenzao, na kwamba wachoraji wengi walitaka Mashariki na Afrika zifanane na walivyoziota. Kazi yako, ulisema, itakuwa kuandika maelezo mapya ya kuweka chini ya picha hizo, kwa sababu yale ya zamani ni matusi.

"Mama, siku hizi wamebadilika," ulisema. "Ndiyo maana wameniita mimi."

Mimi nilikuwa namwangalia yule mwanamke wa kwenye zulia. Nilikuwa nawaza kwamba kuna mtu alimwambia alale hivyo. Mchoraji hakujua lugha yake. Kwa hiyo alikuwepo mtu aliyeijua, amesimama pembeni, haonekani kwenye picha, anamwambia geuza uso, inua mkono. Huyo mtu ninamfahamu. Niliwahi kuwa yeye.

Umekua ukijua kwamba bibi yako Kwandu alihama Shishiyu akaja kukaa nasi kwa sababu ya macho. Umekua ukijua pia kwamba mjomba wako Jilala, ndugu yangu wa tumbo moja, anaishi Ipililo na hafiki hapa hata kwenye msiba, na kila ukiuliza nakwambia ni mambo ya ng'ombe. Yote mawili nilikuambia mimi, na yote mawili ni uongo.

Nilikuwa mwalimu kijana pale Shishiyu, mwaka wangu wa pili kazini. Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko cha wenzangu na nilijua kwamba ni kizuri. Wakati wa kiangazi, pamba imeshauzwa na shule zimefungwa, alikuja Mzungu mmoja mchoraji. Alikuwa mtu mzima, mpole, gari lake limejaa mbao, vitambaa vya kuchorea na mikebe ya rangi. Alikuwa na barua ya kuomba asaidiwe. Mwalimu mkuu akanitoa mimi niwe mkalimani wake.

Alikuwa na kitabu kikubwa cha zamani, jalada limeliwa pembeni na wadudu. Ndani mlikuwa na michoro ya wasafiri waliopita Usukumani enzi za Wajerumani na mwanzo wa Waingereza. Nakumbuka mchoro mmoja wa wazee wamekaa duara kwenye vigoda, wengine wameegemea fimbo. Maneno ya chini yalisema ni wavivu wanapoteza siku. Lakini mimi babu yangu alishanisimulia mikutano ya namna ile. Walikuwa wanasikiliza kesi, pengine ya ng'ombe wa mahari, na kesi moja iliweza kuchukua siku tatu kwa sababu kila mtu alitakiwa asikilizwe. Babu huyo huyo aliwahi kuchapwa viboko mbele ya wake zake, eti shamba la pamba alilolazimishwa kulima halikufika kipimo. Aliyemchapa alikuwa ameshaambiwa kwamba watu hawa ni wavivu. Nilijua hayo yote nikiwa nimekaa ndani ya gari la yule mchoraji, kitabu kiko mapajani mwangu. Sikusema. Nilisema michoro ni mizuri, na kweli ilikuwa mizuri.

Tulizunguka siku nne. Alikuwa anawatafuta watu wa kwenye kitabu, akawa anakutana na watu wenye mashati ya mitumba, baiskeli, redio na nyumba za bati. Tulipofika mahali tukakuta kina mama wako kwenye mazoezi ya kwaya, hakushuka hata kwenye gari. Siku ya nne aliniambia, kwa huzuni ya kweli kabisa, kwamba amechelewa, watu wenyewe wamekwisha, waliobaki ni mchanganyiko tu. Na mimi nikaona aibu. Nikaona kama sisi ndio tuliomdanganya kwa kuvaa nguo.

Halafu akaniangalia, akasema, "Wewe si kama wao. Wewe unaelewa."

Sijawahi kusikia maneno matamu namna ile, wala hakuna maneno yaliyoniponza zaidi. Siku hiyo hiyo nilimwambia kwamba ninaye mama.

Bibi yako alikuwa mjane, analima pamba na mpunga, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kigango. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya wanawake wengi wa umri wake kule kwetu, waliopikia maisha yao yote mabua ya pamba na samadi kavu kwenye jiko lisilo na dirisha. Tulifika kwake mchana. Mchoraji alipoyaona macho yale alisimama pale pale aliposimama. Mama akamsalimu, "Mwadila," akasubiri aitikiwe, akasubiri tena, mpaka nikaitikia mimi kwa niaba yake.

Kesho yake kazi ikaanza. Mchoraji alisema atoe kitambaa cha kichwa, nikamwambia, akatoa. Alisema avue gauni, avae ngozi ya mbuzi, tukaiazima kwa jirani aliyekuwa anaikalia. Akavaa huku anacheka, ananiuliza kama Mzungu huyu hana mke wa kumchora. Redio ikatolewa jikoni, na ndoo ya plastiki, na kalenda ya kanisa. Vikaingizwa vibuyu na fuvu la ng'ombe lililookotwa malishoni. Mwisho mchoraji akaonyesha rozari iliyokuwa shingoni.

Hapo mama aliacha kucheka. Aliniuliza kwa Kisukuma, "Na hii ina shida gani?"

Nilimwambia inang'aa, inamsumbua macho anapochora. Mchoraji hakusema hivyo. Alisema mwanamke wa aina hii hawezi kuwa na msalaba. Nilisikia vizuri, nikaelewa vizuri, nikageuza. Mama akaivua, akanipa nimshikie.

Alikaa kwenye moshi siku tatu, machozi yanamtiririka, kwa sababu moshi ulipopungua mchoraji aliomba mabua yaongezwe. Siku ya pili mchoraji aliniuliza mama anawaza nini, maana uso wake una kitu cha mbali. Nikamuuliza. Mama akasema anawaza mbegu za pamba za msimu unaokuja, kama zitaletwa mapema au watacheleweshewa tena kama mwaka uliopita. Nikatafsiri. Nikaona jinsi uso wa yule mtu ulivyonywea. Basi nikaongeza, haraka haraka, kwamba pia anaongea na waliokufa. Akashika brashi upya.

Hakuna aliyenilazimisha, Minza. Hakunitisha, hakuniahidi kitu. Nilitaka tu ule uso usinywee.

Picha ilipokamilika ilinitia hofu, na hofu hiyo haijanitoka. Ilikuwa nzuri. Angekuwa mchoraji mbaya, tungeicheka ikaisha. Vidole vilikuwa vya mama, kovu la jembe kwenye kidole gumba liko mahali pake, mtu yeyote wa Shishiyu angemtambua. Lakini yule aliyekaa pale hakuwa anawaza mbegu. Alikuwa anakutazama kama mtu anayejua utakufa lini.

Mwaka uliofuata kikaja kifurushi shuleni kwa jina langu. Picha ilikuwa imeonyeshwa huko kwao, ikapendwa, ikachapwa kadi, naye akanitumia kadhaa pamoja na barua ya shukrani. Chini ya kila kadi palikuwa na maneno ya Kiingereza yenye maana ya Mchawi wa Usukuma. Niliyasoma. Nikajiambia ni jina tu la picha, watu wa huko hawana ubaya. Nikazigawa kwa walimu wenzangu, kwa sababu nilitaka waone kwamba nimeandikiwa kutoka Ulaya.

Kadi moja ikafika mnadani. Sijui nani aliipeleka, na sikutafuta kujua, maana zote zilitoka mkononi mwangu. Mtu akatafsiri yale maneno. Mwaka huo mvua ilikata mapema, na watoto wawili wa jirani wakafa kwa homa. Mama alikuwa amewapikia uji watoto wale. Watu wa Shishiyu walimjua tangu anaolewa, walikula kwake, walilia naye, walizaa mbele yake. Yote hayo hayakuishinda kadi moja. Nilimsikia mwanamke aliyekuwa anasimama naye bega kwa bega kwenye kwaya akisema, bila hasira, kama anayetaja siku ya mnada, "Hata Wazungu wamemuona."

Nimefundisha historia miaka mingi baada ya hapo. Nimeandika ubaoni mikataba, vita, magavana, na kila mara nikifika hapo mkono wangu unakuwa mzito, kwa sababu najua nimeacha jambo moja. Wakoloni waliondoka kabla sijazaliwa. Siku watu walipomgeukia mama, hakuna Mzungu hata mmoja aliyekuwepo Shishiyu. Lakini namna walivyotuona ilikuwa imebaki, na majirani wa mama waliiamini kuliko walichokiona wao wenyewe kila siku kisimani.

Jilala alikuja shuleni na baiskeli nikiwa darasani. Alisimama mlangoni, hakuingia. Alisema wanaume wamekaa tangu asubuhi wanamjadili mama, na wanasema ni leo. Baba yako, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu mwenzangu tu, alitoka akasimamisha lori lililokuwa linapeleka pamba Bariadi, akaongea na dereva, sijui alimwambia nini. Tulimchukua mama shambani kama alivyokuwa, jembe mkononi, miguu ina vumbi jeusi la mbugani. Tukamlaza juu ya mizigo ya pamba, tukamfunika turubai, Jilala akapanda na baiskeli yake, mimi nikakaa juu karibu na kichwa cha mama.

Barabara inapita jirani na nyumba yetu. Tulipokaribia dereva alipunguza mwendo, kwa sababu watu walikuwa wamejaa. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na paa la jiko lilikuwa linawaka. Watu walikuwa wamesimama wanatazama kama wanavyotazama ngoma. Niliwaona wanafunzi wangu. Mama aliniuliza kutoka chini ya turubai kwa nini tumepunguza mwendo. Nilimwambia kuna ng'ombe barabarani.

Tulipofika hapa Bariadi, mama akashushwa na kukaa kivulini mwa ukuta, Jilala akanivuta pembeni. Nilidhani atanipiga, na ningependa angenipiga. Alisema, "Wewe ndiye uliyemvalisha." Akapanda baiskeli yake. Hajaniambia neno lingine mpaka leo.

Sasa unajua kwa nini nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku ulipokuwa unanionyesha picha. Nilikuwa naogopa kwamba ukigusa tena kile kioo atatokea yeye. Sijui picha ile iko wapi. Mchoraji nadhani ameshakufa. Vitu vya watu kama wale vikibaki huwa vinapelekwa kwenye nyumba kama hiyo unayokwenda. Inawezekana mwezi ujao, au mwaka ujao, ukafungua droo ukakutana naye, ana ngozi ya mbuzi, macho mekundu, na hakuna mtu hapo mezani anayejua kwamba ni bibi yako.

Ukikutana naye, naomba jambo moja kabla ya yote. Usiitume picha ile huku. Usiitume kwa binamu zako, usiiweke kwenye kundi la familia hata kwa nia njema, hata ukiwa umeandika ukweli wote pembeni yake. Zamani kadi ilihitaji mtu wa kuibeba mpaka mnadani. Leo kila kijana wa Shishiyu ana simu, na picha inafika kabla ya maelezo yake. Bibi yako bado yuko hai. Wewe umesoma, unadhani mambo hayo yamekwisha. Mimi ninaishi na wanawake wazee wa huku, ambao wekundu wa macho tu unatosha waitwe wachawi, na ninawaona wanavyoinamisha macho wakipita kwenye kundi la vijana.

Hiyo ni hofu ya kwanza. Ya pili ni kubwa zaidi, na ni juu yako.

Siogopi kwamba watakutukana. Ukitukanwa una mdomo, utajibu, nimekulea mwenyewe. Ninaogopa watakapokupenda. Watakuwa wapole, watakukaribisha kwao, watasikiliza unapoongea. Siku moja mmoja wao atakuambia kwamba wewe si kama wengine, atamaanisha wema, na moyo wako utaruka kama ulivyoruka wa kwangu. Kuanzia siku hiyo utaanza kuangalia nyuso zao kabla hujamaliza sentensi. Watakuonyesha mtu kwenye picha na kukuuliza anawaza nini, kwa sababu wewe ni wa huko na unapaswa kujua. Utajua kwamba jibu la kweli halina ladha. Pengine hutajua kabisa. Mimi nilikuwa na jibu la kweli mdomoni, la mbegu za pamba, na bado halikunitosha.

Sina dawa ya kukupa. Ningekuwa nayo ningejitibu mwenyewe. Ninachokijua ni namna inavyoanza. Inaanza na neno moja dogo unaloongeza ili mtu asikate tamaa, na wala halionekani kama uongo, linaonekana kama adabu. Ukijisikia unaliongeza, nyamaza hapo hapo, hata kama kimya kitakuwa kibaya, hata kama hawatakuita tena.

Na wale wanawake wa kwenye mazulia, usiwacheke. Ulicheka kidogo siku ile, nilikusikia. Huenda mmoja wao alikuwa na mtoto nyumbani mwenye homa. Huenda aliuliza kwa nini avue alichokuwa amevaa, na mtu anayejua lugha yake akamjibu haraka.

Asubuhi hii, baada ya misa, nilikaa na bibi yako. Alikuwa anachambua mchele kwa vidole, kama anavyofanya siku hizi, maana macho hayamsaidii tena. Miaka yote hii hatujawahi kuongea habari ile. Yeye hakuuliza, na mimi nilichukulia kwamba kutokuuliza kwake ni kutokujua. Leo nilimwambia yote. Nilimwambia alichosema mchoraji juu ya msalaba. Nilimwambia nilivyosema anaongea na waliokufa. Nilimwambia kadi nilizigawa mimi, na kwamba barabarani hapakuwa na ng'ombe.

Aliokota jiwe moja kwenye mchele, akalitupa. Halafu akasema, "Nilijua, ng'wanone, mwanangu. Ulikuwa unaongea haraka. Wewe ukisema kweli huwa huongei haraka."

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alikaa.

"Wewe ndiye uliyesema nikae," alisema. "Nilikuwa sijawahi kukuona umefurahi vile."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Aliniomba nimletee maji ya kunawa, nikamletea, akanawa, akasema twende kivulini.

Nilikuwa nimepanga kuifunga barua hii ndani ya begi lako, chini kabisa, uikute umeshafika huko, mahali ambapo huwezi kunitazama. Nilikuwa nimeshatafuta na bahasha. Lakini huko ni kukimbia tena, na nimekimbia vya kutosha. Ukirudi nitakupa mkononi kabla hatujala. Utaisoma hapa hapa jikoni, mimi nimekaa mbele yako, na ukimaliza uniulize lolote unalotaka. Nitakujibu polepole.

Mama yako